Mchagua Jembe Si Mkulima? Uzito wa Raketi na Wachezaji Tenisi wa Kisumu

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii, ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili ameifafanua angaa mara moja katika karatasi ya mtihani, hukusudiwa kumsuta mvivu anayesingizia zana ili aikwepe kazi. Ila methali hazitulii mahali pamoja. Huhama, na mara nyingine huingia katika nyumba ambazo hazikujengewa. Katika viwanja vya tenisi vya Kisumu na vya miji mingine ya ufuo wa Ziwa Viktoria, methali hii imeingia na kutandika mkeka. Mtoto akinung'unika kwamba raketi aliyopewa yamlemea, hukumbushwa habari ya jembe. Msichana wa chuo akisema kwamba aliyopewa ni nyepesi mno, inapinda mkononi kila anapokutana na mpira wenye kishindo, naye hukumbushwa habari ya jembe. Makala haya yanashikilia kwamba katika suala la uzito wa raketi methali hiyo inatumiwa visivyo, na kwamba matumizi hayo huwatoa uwanjani vijana ambao upungufu wao haukuwa wa kipawa bali wa gramu chache zilizokaa mahali pasipofaa.

Hata huyo mkulima wa methali huchagua. Jembe huuzwa dukani likiwa bapa la chuma lenye tundu, na mpini hukatwa baadaye kwa kimo cha atakayelima. Hakuna mama wa Nyakach au Seme anayelima kutwa kwa mpini uliokatiwa mtu anayemzidi kimo kwa dhiraa, wala mvuvi wa Dunga anayeishika kafi yoyote iliyo karibu bila kuipima kwa kiganja. Wahenga walimkemea anayechagua ili asilime. Anayechagua ili alime hadi jioni hawakumtaja.

Ni vyema kwanza kueleza raketi ina uzito gani. Ajabu ni kwamba sheria za tenisi, ambazo zimeupima mpira kwa makini (usipungue gramu 56.0 wala usizidi 59.4) na kuiwekea raketi mpaka wa urefu wa sentimita 73.7, hazisemi lolote kuhusu uzito wa raketi. Mchezaji akitaka kuingia uwanjani na raketi ya kilo mbili, mwamuzi hana kifungu cha kumzuia. Kwa hivyo uzito umeachiwa busara ya mchezaji, na kwa muda mrefu busara hiyo iliamuliwa na mti. Raketi za mbao zilikuwa na gramu 370 hadi 400, si kwa sababu mikono ya wazee ilikuwa ya chuma, bali kwa sababu mbao nyepesi kuliko hizo zingevunjika. Zikaja za chuma, kisha za kaboni, na mwaka wa 1987 raketi ya mbao ikaonekana kwa mara ya mwisho katika mashindano ya Wimbledon. Leo raketi ya mtu mzima, kabla ya kutiwa nyuzi, huwa baina ya gramu 255 na 340 hivi. Nyuzi zenyewe huongeza gramu 15 hadi 18, jambo ambalo wanunuzi wengi husahau, kwa maana namba iliyoandikwa kwenye fremu kwa kawaida ni ya raketi isiyo na nyuzi.

Kutokana na tofauti hiyo ya gramu 85, kumezuka imani mbili. Ya kwanza husema kwamba raketi nzito ni ya wanaume na wenye nguvu, ilhali nyepesi ni ya wanawake na wanaoanza. Ya pili husema kwamba raketi nyepesi ndiyo ya kisasa na anayebeba nzito anajitesa bure. Zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinadhani kwamba uzito ni kitu kimoja.

Uzito wa raketi ni vitu viwili. Kuna uzito wa mizani, yaani ule unaosomeka raketi inapolazwa juu ya mizani ya jikoni. Kisha kuna ule ambao, kwa kukosa istilahi iliyozoeleka, unaweza kuitwa uzito wa mkono, yaani ukaidi wa raketi inapozungushwa. Kiswahili, chenye kasia na kafi kwa vyombo viwili ambavyo mtu wa bara angeviona kimoja, bado hakijajisumbua kuutenganisha uzito huu na ule. Wataalamu wa istilahi wana kazi hapo. Uzito wa mkono hautegemei wingi wa gramu pekee, bali pia umbali wa gramu hizo kutoka mkononi, na umbali huo hujizidisha kwa wenyewe: gramu moja iliyo mbali mara mbili huleta ukaidi mara nne.

Msomaji na achukue karatasi moja ya kawaida ya kupigia chapa. Ina gramu 5. Karatasi hiyo ikikunjwa na kubandikwa kwenye ncha ya raketi, uzito wa mizani hautaongezeka hata kwa asilimia 2. Dukani hakuna atakayeitambua tofauti. Lakini uzito wa mkono utapanda kwa zaidi ya asilimia 5, na baada ya saa moja ya mchezo bega litakuwa limeitambua. Karatasi hiyohiyo ikizungushiwa mpini, mkono hautahisi takribani lolote. Ndiyo sababu raketi mbili zenye gramu 300 kila moja zinaweza kutofautiana mkononi kama nyundo na fimbo. Ili kuzitofautisha hakuhitajiki chombo cha maabara. Raketi ya kawaida ina urefu wa sentimita 68.5; ikilazwa juu ya ukingo wa rula na kutulia ikiwa imeegemezwa kwenye sentimita 34 na robo kutoka mwisho wa mpini, uzito wake umegawanyika sawa. Ikitulia karibu zaidi na mpini, kichwa chake ni chepesi. Ikitulia karibu na kichwa, hiyo ni nyundo.

Hapa ndipo imani kuhusu wanaume na wanawake inapovunjika. Katika vijiji vya ufuoni, kutoka Usenge hadi Homa Bay, msichana wa miaka 15 hutwikwa mtungi wa lita 20 za maji na kupanda nao mlima. Hizo ni kilo 20. Msichana huyo akijiunga na timu ya tenisi ya shule huambiwa kwamba gramu 310 zitamshinda, hivyo apewe ile nyepesi yenye rangi ya waridi. Ni dhihaka, hata kama anayesema hakuikusudia. Hata hivyo, si kweli pia kwamba kwa kuwa anaweza mtungi basi anaweza raketi yoyote. Kubeba na kuzungusha ni kazi mbili. Kijana wa bandarini anayeinua gunia bila kuhema anaweza kuchelewa kuifikisha raketi kwenye mpira, kwa sababu nguvu ya mgongo si wepesi wa kifundo cha mkono. Uteuzi wa raketi kwa kumtazama mtu kifua au jinsia hauna tofauti na kumpa mtu miwani kwa kumtazama umbo la pua.

Wala mabingwa hawatoi jibu moja. Raketi iliyouzwa kuanzia 2014 kwa jina la Roger Federer, Wilson Pro Staff RF97, ilikuwa na gramu 340 bila nyuzi. Babolat Pure Aero, ambayo Rafael Nadal aliitangaza duniani, iliuzwa ikiwa na gramu 300. Federer alistaafu mwaka wa 2022 akiwa na mataji 20 makuu ya mchezaji mmoja mmoja, naye Nadal mwaka wa 2024 akiwa na 22. Anayetafuta uzito wa ubingwa katika hesabu hiyo hataupata. Atakachopata ni kwamba mmoja aliupiga mpira mapema na kwa mkono ulionyooka kama upinde, mwingine akauzungusha kwa kasi kutoka chini kwenda juu, na kila mmoja alikuwa na raketi iliyoutii mtindo wake. Kijana wa Kisumu anayenunua ile ya gramu 340 kwa sababu ya jina lililoandikwa ubavuni ananunua mkono wa mtu mwingine.

Yapo pia mambo ya mahali. Uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kisumu umekaa ukingoni mwake. Hewa ya hapo ni nyembamba kuliko ya Mombasa kwa takribani asilimia 10, kwa hivyo mpira haukawii angani. Mchezaji wa pwani anayezuru Kisumu huona mipira yake ikipita mstari wa mwisho bila yeye kubadilisha lolote. Sheria za kimataifa huruhusu aina maalumu za mipira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Nairobi imeupita mpaka huo kwa mbali. Kisumu imeukosa kwa mita 80 na ushei, na kwa hiyo huchezewa mpira wa kawaida katika hewa ambayo si ya kawaida kabisa. Tena kuna joto, ambalo mchana hukaribia nyuzi 30, na upepo unaovuma kutoka ziwani alasiri, ule uwarudishao wavuvi nyumbani. Anayecheza karibu na maji, kwa mfano kwenye viwanja vya Nyanza Club, anaujua upepo huo vizuri: mpira uliokuwa unakuja kiunoni hufika begani, na mkono hulazimika kubadilisha nia katikati ya pigo.

Mambo hayo yote yana maana kwa uzito. Mpira unaofika upesi huhitaji raketi inayowahi kuwa tayari, na upepo unaouchezea mpira huhitaji raketi inayokubali kugeuzwa dakika ya mwisho. Yote mawili yanapendelea uzito wa mkono ulio mdogo. Lakini mpira huohuo wa kasi huisukuma nyuma raketi iliyo nyepesi mno, na hapo uzito wa mizani una kazi yake, kwa kuwa raketi yenye gramu za kutosha haiyumbi inapogongwa. Inafuata kwamba mchezaji wa kawaida wa ufuoni, mtu mzima aliyekwisha kujifunza mapigo ya msingi, hufaidika zaidi na raketi isiyo nyepesi sana kwenye mizani, tuseme gramu 290 hadi 305 bila nyuzi, ila iwe na kichwa chepesi. Wauzaji husifu kinyume chake, yaani raketi ya gramu 260 yenye kichwa kizito, kwa sababu mtu akiipunga dukani huisikia kuwa nyepesi na akiupiga mpira mmoja huuona ukienda mbali. Kisumu mpira hauhitaji kusaidiwa kwenda mbali. (Kuhusu utepe wa ziada unaozungushwa mpini ili kufyonza jasho, wapo wanaouogopa kwa kudhani utawaongezea uzito. Gramu zake 5 au 6 ziko mkononi mwenyewe. Wauzungushe bila wasiwasi.)

Jambo la kiwiko halina mzaha. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, pale mishipa ya misuli inayoinua kiganja inapojishikiza kwenye mfupa, huwapata wachezaji wengi, na wengi wao huacha mchezo wakidhani wamezeeka. Raketi ina sehemu yake katika lawama, ingawa si yote. Mapigo mabaya na nyuzi zilizokazwa kupita kiasi zina sehemu zao. Iliyo nzito mno humchelewesha mchezaji, naye huukuta mpira ukiwa umekwisha kumpita ubavuni, hivyo huupiga kwa kifundo na kiwiko badala ya mwili mzima. Iliyo nyepesi mno nayo haimezi kishindo cha mpira, hukipitisha chote hadi mkononi, na mchezaji huikaba mpini kama anayezuia mwizi. Ndiyo maana daktari anayemshauri mgonjwa wa kiwiko anunue raketi nyepesi zaidi anaweza kuwa anampeleka kwenye maumivu yaleyale kwa njia ya pili.

Dalili zinaonekana kabla ya maumivu, kwa anayetaka kuziona. Mchezaji wa mkono wa kulia ambaye mipira yake ya mkono wa mbele huanza kuponyokea kulia kadiri muda unavyokwenda, anachelewa, raketi inamzidi. Ambaye mipira yake ya kuanzia huangukia wavuni katika seti ya mwisho, ilhali katika ya kwanza ilivuka, vilevile. Ambaye raketi humgeukia kiganjani anapoudaka mpira karibu na wavu kabla haujadunda, ana raketi nyepesi kuliko mpira anaokutana nao. Kwa hivyo kipimo cha kuaminika hakifanyiki dukani wala dakika tano za kwanza za mazoezi, wakati kila mkono ni hodari. Kinafanyika baada ya saa moja na nusu juani. Raketi inayofaa ni ile nzito kuliko zote ambazo mchezaji bado anaweza kuzifikisha mbele ya mwili wake wakati huo. Kigezo hiki hakitaji jinsia wala kifua, na kinamwachia kila mtu jibu lake.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Mtoto wa miaka minane hupasa kuwa na raketi fupi, ya sentimita 58 hivi, yenye uzito wa gramu 200 na kidogo. Dunia ya tenisi ililikubali jambo hili kwa upande wa mpira tangu Januari 2012, pale sheria zilipozuia mpira wa kawaida wa manjano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini, wakapewa mipira myepesi na inayokwenda polepole. Lakini shule zetu nyingi hupokea raketi za msaada au hununua za mitumba, na raketi za namna hiyo ni za watu wazima walioachana nazo. Si kosa la mtoaji. Kosa linakuja pale mwalimu anapozigawa kama madaftari, kila mtoto moja, yeyote ampate yoyote.

Mtoto mwenye akili hujitetea. Huisogeza mikono yake juu, akaishika raketi karibu na koo lake badala ya mwisho wa mpini. Mwalimu humkaripia na kumrudisha chini, kwa kuwa kitabu kinasema raketi hushikwa mwishoni. Ni mtoto aliye sahihi. Kupandisha mkono sentimita 5 tu kwenye raketi ya kawaida ya mtu mzima hupunguza uzito wa mkono kwa takribani sehemu moja kwa tano, punguzo ambalo halinunuliki dukani kwa bei yoyote ambayo shule ya Nyando au ya Rarieda inaweza kuimudu. Kitu cha kufanya si kumkaripia, bali ni kuchora mstari wa rangi kwenye mpini kuonyesha mahali pa mkono wa mwaka huu, na kuushusha mstari huo kadiri mtoto anavyokua.

Huenda ikasemwa kwamba haya ni anasa, kwamba Kenya ambayo kwa miaka mingi ilikosa viwanja haiwezi kuanza kuhesabu gramu. Hoja hiyo ina uzito wake, ila imesahau yaliyotokea. Mnamo Julai 2022 Angella Okutoyi, binti aliyelelewa na nyanya yake jijini Nairobi, alitwaa pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon, akiwa Mkenya wa kwanza kulipata. Na Machi 2024 akashinda dhahabu ya mchezaji mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Tangu hapo watoto wanaotaka kujaribu tenisi hawajakosekana, hata katika miji ambayo haina viwanja vya kutosha. Wanachokikuta wanapofika ndilo swali.

Idara za michezo za vyuo na shule za eneo hili zina njia iliyo nyepesi kuliko zabuni mpya. Desturi ni kununua raketi kumi na mbili za aina moja, kwa kuwa bei ya jumla ni nafuu na fomu ya ununuzi ina mstari mmoja tu. Fedha zilezile zingeweza kununua nne za gramu 300, mbili za gramu 315 kwa wenye mapigo marefu, mbili za gramu 275 kwa wanaorudi kutoka kwenye majeraha au wanaoanza ukubwani, na nne fupi za watoto wa shule ya jirani wanaokuja Jumamosi. Na zile zilizokwisha kununuliwa, zilizolala stoo zikiwa zimefungwa kwa kamba pamoja, zinaweza kupimwa alasiri moja. Mizani ya jikoni huazimwa, rula ipo katika kila mkoba wa mwanafunzi. Namba mbili ziandikwe kwenye utepe na kubandikwa kooni mwa kila raketi: gramu zake, na sentimita inapotulia. Kisha wachezaji waachwe wachague.